Mbegha wa Usambara: Kigego Aliyenyimwa Urithi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, mzazi mwenye mtoto aliyezaliwa na ulemavu ana mambo mawili yanayomkosesha usingizi. La kwanza ni la leo: mtoto atakaa lini, atasimama dede lini, atasema lini, na watu watasema nini. La pili ni la kesho: mimi nikifa, nani atabaki naye, na fungu lake la mali litakuwa mikononi mwa nani? Badala ya kuyajibu masuala haya moja moja, tutasimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa bara ya jirani yetu, aliyefariki zamani sana. Mashaka yake yalianza siku alipoota jino, na yakamzidi siku wazee wake walipokufa. Mtu huyo ni Mbegha wa Usambara.

Tangu mwanzo tuseme wazi kwamba Mbegha hakuwa Mwislamu, na hatumsomi kama kiigizo cha dini. Alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu na mtu wa dawa za kienyeji. Tunamsoma kwa ajili ya mazingatio, kama Qur'ani inavyotuamrisha tutembee katika ardhi tutazame yaliyowafika waliotutangulia.

Milima yenyewe

Usambara ni milima ya mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki ya Tanzania. Mji wake mkubwa ni Lushoto. Atokaye Lushoto akapita Rangwi, akaendelea hadi Mtae ambako mlima unakatika na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini, amepita ndani ya nchi iliyokuwa ya ufalme mmoja. Makao ya wafalme yalikuwa Vugha, na ukoo uliotawala ukiitwa Wakilindi. Wenyeji wengi wa milima hiyo ni Washambaa, na leo Waislamu ni wengi miongoni mwao.

Habari za ufalme huo ziliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, aliyekaa miaka mingi na Wakilindi na kuyasikia masimulizi kwa wazee wao. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwanza Magila, chini ya milima hiyo, kisha mwaka 1962 kikatolewa tena na East African Literature Bureau. Wanahistoria wanamweka Mbegha katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Jino la juu

Mbegha alizaliwa Unguu, milima iliyoko kusini ya Usambara, ambayo sehemu yake leo imo katika wilaya ya Kilindi. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye uwezo na heshima. Alipofika umri wa kuota meno, jino lake la kwanza lilitoka ufizi wa juu.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtoto wa namna hiyo anaitwa kigego, na bibi zetu wa Unguja na Pemba wanalijua neno hilo vizuri. Zamani, katika makabila mengi ya mwambao na bara, iliaminiwa kuwa kigego ni mkosi: akiachwa akue, jamaa zake watakufa mmoja baada ya mmoja. Hukumu yake kwa watu wa Unguu wa zama hizo ilikuwa kuuawa.

Basi tumfikirie mama yake. Siku ya jino la kwanza ni siku ya furaha katika kila nyumba. Mama hutia kidole kinywani mwa mwanawe, akahisi kitu kigumu, akamwita bibi aje aone. Mama wa Mbegha alitia kidole, na alichokihisi kikawa ni hukumu ya kifo ya mwanawe.

Elimu ya leo inatueleza jambo dogo tu. Kwa watoto wengi meno mawili ya mbele ya chini ndiyo hutangulia, kati ya miezi 6 na 10, na ya juu hufuata kati ya miezi 8 na 12. Wako watoto ambao ya juu hutangulia, na hao hawana ugonjwa wala kasoro. Mbegha hakuwa na kilema chochote. Ulemavu wote aliokuwa nao ulikuwa katika vichwa vya watu waliomtazama.

Siri ya wazee

Wazee wake walikataa kumuua. Masimulizi yanasema walimpenda mtoto wao, wakaificha habari ya jino lake. Mtoto akatambaa, akasimama, akakimbia na wenzake, akakua kijana mzuri, mwenye nguvu na tabia ya kupendwa. Akajifunza kuwinda, na hakuna aliyemshinda kwa mkuki na mbwa wa mawindo.

Hapa lazima tuwape wazee wale haki yao. Walikuwa katika jamii isiyokuwa na msahafu wala hadithi, desturi yote ya nchi ikiwaelekeza upande mmoja, nao wakafuata huruma ambayo Mwenyezi Mungu ameitia katika vifua vya wazazi. Waarabu wa zama za ujahili walizika watoto wao wa kike wakiwa hai, na Qur'ani katika Surat An-Nahl inaeleza jinsi uso wa baba ulivyokuwa ukisawijika anapopewa habari ya kuzaliwa binti, akawa anajificha na watu. Baba wa Mbegha alikuwa na sababu ya kujificha kuliko huyo, na hakumzika mwanawe.

Lakini siri ina upungufu wake. Wazee walimfichia mtoto jino lake, hawakuweza kuwabadilisha jamaa. Baadhi yao walikuwa na shaka tangu zamani, wakanyamaza kwa sababu baba yupo, mama yupo, na yupo ndugu yake mkubwa aliyempenda. Mbegha alikuwa salama kwa muda wa uhai wa watu watatu tu.

Siku ya kugawa mali

Baba akafa. Mama akafa. Kisha akafa na yule ndugu mkubwa. Kila msiba uliokuja, wale wenye shaka waliuhesabu kuwa ni ushahidi. Hawakusema kwamba watu hufa kwa ajali yao waliyoandikiwa. Walisema kigego amefanya kazi yake.

Ukaja wakati wa kugawa mali ya marehemu. Jamaa walikaa kikao, na Mbegha hakuitwa. Alipopata habari akauliza kwa nini anaachwa nje ya mali ya ndugu yake. Hapo ndipo siri ya jino ilipotolewa mbele za watu, miaka mingi baada ya jino lenyewe. Aliambiwa kuwa yeye ni kigego, ndiye aliyewamaliza wazee wake na ndugu yake, na hana fungu.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi mambo mawili yalivyoungana. Hofu ya mkosi ilikuwepo tangu utoto wake, lakini ilipata meno siku ya urithi. Jamaa waliokaa naye miaka yote bila ya kumdhuru waliikumbuka ila yake siku mali ilipowekwa katikati. Tusiseme hayo ni ya zamani na ya bara. Katika visiwa vyetu pia hutokea, baba akishazikwa, likasemwa neno la upole kabisa kwamba huyu mwenye ulemavu hana haja ya shamba la mikarafuu, hajui hesabu, atatunzwa tu. Maneno ni ya upole, na matokeo ni yale yale.

Mbegha akachukua mikuki yake na mbwa wake, akaiacha nchi aliyozaliwa.

Kilindi na msituni

Alikwenda kwanza Kilindi, ambako alikuwa akijulikana kwa uwindaji wake. Alipokewa vizuri, na mtoto wa mkuu wa nchi akapatana naye udugu. Vijana wakamfuata kila aendako mawindoni. Kwa mara ya kwanza tangu kufiwa, Mbegha alikuwa na watu.

Kisha likatokea la kutokea. Siku moja katika mawindo, nguruwe mwitu alimshambulia yule mtoto wa mkuu akamuua. Mbegha na vijana waliokuwa naye walijua kwamba hawataulizwa lililotokea kabla ya kuuawa, wakakimbilia msituni. Hebu tufikirie uzito wa jambo hilo kwa mtu aliyeambiwa maisha yake yote kuwa wanaompenda hufa. Angeweza kuamini kuwa jamaa zake wamesema kweli. Watoto wengi wenye ulemavu wanavunjika hapa hapa: maneno ya watu yakirudiwa mara nyingi, mtoto huyachukua akayafanya kuwa yake.

Vijana wale hawakumwacha. Walikwenda naye pamoja, na kwa sababu walitoka Kilindi, ukoo wake baadaye ukaitwa Wakilindi. Jina la ukoo wa kifalme wa Usambara halikutoka kwa jamaa zake wa damu waliomnyima fungu. Lilitoka katika nchi ya watu waliokubali kutembea naye.

Kutoka Zirai hadi Vugha

Walifika upande wa Zirai, kwenye milima ya Usambara, wakakaa porini. Wenyeji waliona moto wao, wakaja kutazama ni nani. Walikuta mtu mwenye nyama nyingi na mikono iliyo wazi. Mbegha aliwagawia nyama, nao wakamletea vyakula vya mashamba yao. Huo ukawa mwanzo wa ujirani.

Mkulima wa milima ile, awe wa Rangwi, Bumbuli au Mlalo, anajua nguruwe mwitu anavyoweza kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Mtu anayewaua nguruwe na kugawa nyama bila ya choyo hakuweza kubaki siri. Habari zake zikaenda kijiji hadi kijiji. Watu wa Bumbuli wakamwita, akaenda, akaishi nao, na wakamletea magomvi yao awaamue, kwa kuwa alikuwa mgeni asiyeegemea ukoo wowote. Kisha watu wa Vugha nao wakatuma wajumbe.

Alipokuwa njiani kuingia Vugha, alilala mahali penye ng'ombe. Usiku simba alikuja kuvamia, naye akaamka akamuua kwa mkuki, bila ya kuwaamsha watu kwa kelele. Asubuhi wenyeji walimkuta simba amelala chini. Wakampa jina la Simba, ambalo likawa cheo cha wafalme wa Vugha baada yake, wakamfanya mkuu wao. Mtoto aliyehukumiwa kuuawa kwa sababu ya jino lake akawa ndiye anayesikiliza mashitaka ya watu na kuhukumu baina yao.

Kizazi chake

Mbegha alioa katika koo za Washambaa, na watoto wake wakawa na wajomba kila upande wa milima. Mwanawe Buge alikuwa Bumbuli baba yake alipofariki, na wazee wa Vugha wakamwita kushika nafasi yake. Baada ya Buge akatawala Kinyashi, na baada ya Kinyashi akaja Kimweri ye Nyumbai, kitukuu cha Mbegha, aliyekuwa mkubwa wao wote kwa nguvu.

Kimweri alitawala katika karne ya 19, wakati Sayyid Said bin Sultan akiwa Zanzibar. Nguvu zake ziliteremka kutoka milimani hadi mwambao wa Tanga na Pangani, na wakuu wa miji ile ya Waswahili walikuwa wakitazama pande mbili, Unguja na Vugha. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848 akamkuta Kimweri akiheshimiwa na kila mtu. Wakilindi waliendelea kuwa na vyeo hadi utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika baada ya Uhuru.

Hayo yote yalitokana na mtoto mmoja ambaye mama yake hakukubali auawe.

Tusichukue funzo lisilokuwa lake

Kuna hatari moja katika kisa hiki. Msomaji anaweza kusema: kumbe mtoto mwenye kasoro huenda akawa mfalme, basi tumtunze. Hilo silo funzo. Haki ya Mbegha ya kuishi haikuanza siku alipomuua simba. Ilianza siku alipozaliwa, na angekuwa nayo hata kama asingeweza kunyanyua mkuki maisha yake yote.

Wako watoto wetu wenye mtindio wa ubongo ambao hawatatembea. Wako wenye ulemavu wa akili ambao hawatasoma juzuu. Hao hawatuletei simba. Lakini Sheria yetu imesema kalamu imeondolewa kwa asiyekuwa na akili, maana yake haandikiwi dhambi. Basi nyumba yenye mtoto wa namna hiyo ina mtu mmoja ambaye daftari lake ni safi kuliko la wote wengine. Haistahiki kumwita mkosi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuamini mkosi wa ndege, wa siku na wa viumbe, na mwenye kumwita mtoto nuksi amerudi katika ujahili huo huo, hata kama ana sijda usoni.

Na wala tusidhani kuwa kilema kinaondoa heshima mbele ya Allah. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa haoni, na Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake. Mtume alimweka kuwa muadhini na akamwachia Madina mara kadhaa alipotoka. Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi mwenye jicho moja, kiwete na mwenye mkono uliopooza, alikuwa ndiye mufti wa Makka katika zama za tabiina, na watu walioingia hija wakielekezwa kwake.

Kuifurahia hatua ya mtoto

Wazazi huuliza kama inafaa kusherehekea hatua ya mtoto mwenye ulemavu: amekaa kitako akiwa na miaka mitatu, ameshika kijiko mwenyewe akiwa na miaka saba, amesema mama akiwa na kumi. Jawabu ni kwamba inafaa, na ina asili. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijiwa na jambo la kumfurahisha husujudu kumshukuru Allah. Mtoto wako akipiga hatua ya kwanza baada ya miaka ya mazoezi, sijda ya shukrani ni mahali pake. Toa sadaka, pika chakula uwape majirani, peleka kitu chuoni kama tunavyofanya mtoto anapohitimu juzuu. Isiwe na israfu, na isidhaniwe kuwa ni ibada iliyowekewa siku na namna yake maalumu.

Mtoto huyu asipimwe kwa mtoto wa jirani. Apimwe kwa alivyokuwa yeye mwenyewe mwaka jana. Aliyekuwa hawezi kushika shingo, na leo anageuza kichwa akisikia adhana, amekwenda mbele, na mama yake ana haki ya kupiga vigelegele.

Wengine huwaficha watoto kwa kuchelea kijicho. Kijicho ni kweli, na kinga yake ni nyiradi za asubuhi na jioni, Ayatul Kursiyyu, Kul audhu mbili na kusema Masha Allah. Kumfungia mtoto chumbani si kinga. Kisa cha Mbegha kinatuonesha kwa nini. Mtoto aliyefichwa hana watu wa kumtetea wazee wake wakiondoka. Mtoto ambaye mtaa mzima ulikula pilau ya hatua yake ya kwanza ana mashahidi: ami zake wanamjua, imamu anamjua, watoto wa chuoni wanalijua jina lake. Siku ya kikao cha mali itakuwa vigumu kusema kuwa hayupo.

Urithi wake

Katika Sheria yetu, yanayomzuia mtu kurithi yanajulikana, kama vile kumuua anayerithiwa na kutofautiana dini. Ulemavu wa mwili au wa akili haumo. Mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyetembea na asiyefahamu anarithi fungu lake kamili kama ndugu zake.

Chukua mfano. Mtu amefariki na, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, amebakisha shilingi milioni 40. Warithi wake ni mke, watoto wawili wa kiume, mmoja wao mwenye mtindio wa ubongo, na binti mmoja. Mke anapata thumuni, milioni 5. Zinazobaki milioni 35 zinagawiwa mafungu matano: kila mtoto wa kiume milioni 14 na binti milioni 7. Milioni 14 za mwenye mtindio wa ubongo ni zake. Ndugu anayemtunza anaweza kuzitumia kwa matumizi ya mwenye mali kwa wema na hesabu, hawezi kuzichanganya na zake akasema ni malipo ya kulea.

Mzazi aliye hai ana mambo ya kufanya leo:

Kwanza, ateue wasii wa kusimamia mali ya mtoto huyo, mtu mwaminifu, kwa maandishi na mashahidi. Mama anaweza kuteuliwa, na mara nyingi ndiye anayefaa zaidi. Asipoteuliwa mtu, jambo linarejea kwa kadhi.

Pili, anaweza kumpa mtoto huyo kitu katika uhai wake kwa ajili ya haja yake. Asili ni kuwafanyia watoto usawa katika zawadi, kama ilivyo katika hadithi ya Nuuman bin Bashir. Lakini wanavyuoni, akiwemo Ibn Qudama, wameruhusu kumzidishia mwenye haja ya kweli kama maradhi ya kudumu au upofu, na katika madhehebu yetu ya Shafi'i karaha ya kumzidishia mmoja huondoka panapokuwa na haja. Vizuri ndugu zake waelezwe na waridhike, ili mapenzi yao yabaki. Zawadi hiyo ikabidhiwe kweli katika uhai, isiwe ni wasia wa baada ya kufa, kwani mrithi hausiwi ila warithi wengine wakikubali.

Tatu, mwenye nyumba au shamba anaweza kuweka wakfu kwa faida ya mtoto huyo, kisha kwa masikini baada yake. Wakfu ni jambo la zamani Zanzibar, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi hiyo.

Na wajibu wetu sote

Karibu na mji wa Lushoto, mahali panapoitwa Irente, Kanisa la Kilutheri linaendesha skuli ya watoto wasioona, na nyingine ya watoto wenye ulemavu wa akili. Katika milima ile ile ambayo iliwapokea kigego na wenzake, watu wamejenga mahali pa kuwafundisha watoto ambao wengine wangewaficha. Nasi tujiulize kuhusu madrasa zetu. Je, mlango wake unapitisha kiti cha magurudumu? Ustadhi yuko tayari kumfundisha Fatiha mtoto mmoja kwa mwaka mzima, aya moja moja, bila ya fimbo na bila ya kumwambia mama yake asimlete tena? Haya hayangoji fedha za wafadhili. Yanangoja kamati ya madrasa ikae siku moja iamue.

Wazee wa Mbegha walimwokoa mtoto wao kwa huruma, na huruma yao ikakoma kaburini. Sisi tumepewa zaidi ya huruma. Tumepewa Sheria inayoendelea kumlinda mtoto baada ya wazazi kufa, kwa sharti tuitumie tungali hai.

Tunamuomba Allah awape afya na utulivu watoto wetu wote, awape subira na malipo mema mama zao na baba zao, na atulinde tusile mali ya mnyonge. Amin. Wallahu aalam.